Uzinduzi wa Mtambo Usiotoa Moshi

Haya yalitokea katika Jamhuri ya Sifuni, nchi ambayo haipakani na yenu, na wala hakuna mtu wa kwenu anayeifahamu. Kama waziri wa humu atakohoa kama waziri wenu anavyokohoa, ujue ni bahati mbaya tu, nami nimekwisha kuomba radhi mapema. Tukikubaliana hivyo, naendelea.

Sifuni ilikuwa na giza. Halikuwa giza la kijinga la nchi zisizo na mipango. Lilikuwa na ratiba, likitangazwa redioni kila asubuhi mkoa kwa mkoa, na watu walikuwa wameanza kulizoea hata wakalipangia harusi zao. Bwawa la umeme lilikauka mwaka ule ule lilipopewa jina la Rais, na ilikatazwa kusema kwamba mambo hayo mawili yana udugu. Basi Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu, likala mbuzi kumi na wanane, likaamua kwamba nchi iachane na mabwawa na inunue seli za mafuta.

Profesa mmoja akaitwa awaeleze waheshimiwa hizo seli ni kitu gani. Akasema si betri, maana betri hubeba akiba yake tumboni, ikiisha imeisha; hii ni kama jiko, ukiendelea kuilisha nayo inaendelea kutoa umeme. Upande mmoja unaingiza gesi ya haidrojeni, upande wa pili unaingiza hewa, katikati kuna ukuta. Haviwaki moto wala havilipuki. Vinaungana polepole kupitia ukuta huo, na kinachotoka ni umeme, joto na maji safi.

Kisha akasema seli hutofautiana kwa jinsi huo ukuta ulivyotengenezwa. Ipo ya utando mwembamba, inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi themanini tu na kuwaka hapo hapo ukibonyeza. Ipo ya alkali, hodari sana, ila hewa iliyojaa pumzi za watu huiua. Ipo ya asidi ya fosforasi, nyuzi mia mbili. Ipo ya kaboneti iliyoyeyushwa, nyuzi mia sita na hamsini. Na ipo ya kauri, nyuzi mia nane, ambayo haichagui gesi lakini haitaki haraka: hupashwa kidogo kidogo kutwa kucha, na ukiipoza ghafla inapasuka kama chungu kilichotolewa motoni na kumwagiwa maji.

Profesa alitaka kuendelea aeleze ipi inafaa wapi. Mawaziri wakamshukuru na kumpa nauli, kwa kuwa walikwisha kusikia walilolitaka, yaani nyuzi. Katika Sifuni kila kitu hugawanywa kwa cheo, na hapo cheo kilikuwa kimejileta chenyewe kwa tarakimu.

Ile ya utando, ya nyuzi themanini, ikaonekana ni ya watu wa chini. Ikapelekwa uwanja wa ndege kuwasha bango la kuwakaribisha wageni. Ile ya alkali, isiyovumilia pumzi za watu, ikafungwa ndani ya ukumbi wa Bunge. Wabunge mia nne wakaipumulia mjadala wa bajeti, ikafa siku ya tano, na kamati ya kuchunguza kifo chake ikakutana humo humo gizani. Ya asidi ikaenda kwa watoza ushuru, na watu wakasema imepata nduguze. Ya kaboneti ikaenda jeshini, na hadi leo ni siri ya taifa kama inafanya kazi. Na ya kauri, yenye nyuzi nyingi kuliko zote, ikapewa hospitali ya mji wa Mbalange kwa sababu moja tu. Hospitali hiyo ina jina la mama mzazi wa Rais, na isingependeza mama wa Rais apewe nyuzi chache kuliko jeshi.

Ndivyo mtambo unaohitaji siku nzima kuamka ulivyopelekwa mahali ambapo umeme ukikatika dakika tano mtu anakufa.

*

Fundi mkuu wa hospitali hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, Zamda Mbaruku, mwenye miaka ishirini na miwili ya kubembeleza jenereta. Alikuwa na ulimi mfupi na subira ndefu, sifa mbili zinazomweka mtu kazini katika Sifuni. Mtambo ulipofika alisoma kitabu chake mara tatu, akaunganisha bomba la gesi kwa mkono wake mwenyewe, akakaza kila skrubu. Siku aliyomaliza alikaa chini akautazama kama mtu anavyomtazama mkwe mzuri. Kilichobaki kilikuwa kuupasha moto tu.

Kesho yake wakaja watu wa wilaya wakaufunika kwa kitambaa cha buluu chenye nembo ya taifa, wakauzungushia utepe, wakaondoka.

Hapa lazima nieleze desturi ya Sifuni, maana mgeni anaweza kushangaa. Huko hakuna kitu kinachoruhusiwa kufanya kazi kabla ya kuzinduliwa na mheshimiwa. Sheria ya Uzinduzi, kifungu cha nne, inasema hivi: kitu kitakachofanya kazi kabla ya kuzinduliwa kitahesabiwa kuwa hakijafanya kazi, na aliyekifanyisha kazi ni mhujumu. Pale Mbalange palikuwa na daraja lililongoja uzinduzi mwaka wa tatu, na watu wakivuka kwa kuogelea chini yake, wakiinua macho kulisifia. Palikuwa na shule ambayo wanafunzi wa darasa la kwanza walioandikishwa walikuwa wameota ndevu wakiwa nje ya uzio.

Mtambo ukakaa chini ya kitambaa miezi miwili. Zamda alipita kila asubuhi, akaugusa, akaenda kuhangaika na jenereta lake bovu. Huenda angeendelea hivyo hadi astaafu. Lakini mwezi wa Julai, baridi ya nyanda za juu ilipokaza, binti yake wa pekee, Hidaya, akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi saba, kilo moja na robo. Zamda alivua pete yake ya ndoa akaipitisha kwenye mkono wa mjukuu wake, ikapanda hadi begani bila kukwama. Akaivaa tena haraka, wala hakumwambia mtu.

Katika wodi ya watoto njiti walikuwamo saba. Wanne waliweza kupumua wenyewe, mama zao wakawafunga kifuani kuwapa joto. Watatu, na mjukuu wa Zamda akiwa mmoja wao, mapafu yao yalikuwa bado. Walilala ndani ya mashine ya joto na mashine nyingine ikawasukumia hewa. Mashine zote zilitegemea lile jenereta, na jenereta lilitegemea dizeli, na dizeli iliyobaki ilikuwa ya siku mbili. Zamda alipima tangi kwa kijiti asubuhi, akapima tena mchana, akijua vyema kwamba kupima hakuongezi kitu.

Ndipo ikaja habari njema kwamba uzinduzi ni keshokutwa. Zamda alilia kwa furaha stoo, katikati ya makopo ya grisi.

*

Siku hiyo hiyo aliwasili Bwana Mlekwa, Afisa Mwandamizi wa Idara ya Itifaki na Mikasi. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye mkoba wa ngozi, na kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya waziri kuhakikisha kwamba hakuna jambo la kweli litakalomkuta barabarani. Alitoa fomu. Swali la kwanza liliuliza moshi wa mtambo ni wa rangi gani. La pili, kelele zake zinasikika umbali gani. La tatu, umehamisha kaya ngapi.

Zamda akajibu hakuna, hakuna, hakuna.

Bwana Mlekwa akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba amezindua mitambo thelathini na minne na hajaona usio na moshi. Wananchi wataamini vipi kwamba unafanya kazi? Akaagiza matairi chakavu mawili yachomwe nyuma ya mtambo siku ya sherehe, na bendi ya magereza ipige ngoma kubwa kwa mfululizo ili pawe na mngurumo. Kisha akaomba aelezwe unavyofanya kazi, aweke mstari mmoja katika hotuba ya Waziri, kwa kuwa hotuba zote za Waziri aliandika yeye.

Zamda akamweleza kama mtu anavyomweleza yule anayemhitaji. Hewa ya oksijeni huingia upande huu ikavaa chaji ya umeme, ikapenya kwenye kauri yenye moto mkali, ikafika upande wa pili ikaungana na gesi. Hapo zinabaki elektroni, na zinataka kurudi zilikotoka. Lakini ukuta hauzipitishi. Zinalazimika kuzunguka nje, ndani ya waya, na huko njiani ndiko zinakowasha taa na kusukuma mashine, mpaka zifike zilikokuwa zikienda.

"Kwa hiyo zinanyimwa mlango," alisema Bwana Mlekwa, akifikiri, "zinazungushwa huku na huku, na katika kule kuzungushwa ndiko taifa linapata faida."

"Ndiyo, Bwana. Ila taifa halimo."

Akaandika katika daftari lake: utaratibu wake ni wa Kisifuni kabisa.

Hapo Zamda akaona mlango uko wazi, akasema la moyoni. Mtambo huu wa kauri hauwaki kwa kubonyeza. Unatakiwa kupashwa saa ishirini na nne, polepole. Mheshimiwa akija keshokutwa saa nne asubuhi akabonyeza, hautawaka mpaka siku ya pili yake saa nne, na dizeli inaisha keshokutwa hiyo hiyo alfajiri. Aliomba ruhusa aanze kuupasha kesho. Alisema kuna watoto watatu. Hakusema mmoja ni wa nani, aliogopa aonekane anajipendelea.

Bwana Mlekwa hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu wizarani palepale, na wizara ikampigia mwanasheria, na mwanasheria akajibu baada ya chakula cha mchana. Jibu lilikuwa kwamba kupasha ni nusu ya kuwasha, na nusu ya kosa ni kosa. Kuhusu watoto, wizara iliwapongeza na kuwaombea subira.

*

Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake saa mbili asubuhi Zamda alipita nyuma ya mtambo akiwa na ndoo ya taka kama kisingizio, akaingiza mkono chini ya kitambaa cha taifa, akafungua valvu ya gesi robo mzunguko na kuwasha kichomeo cha kupashia.

Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuvunja hata sheria ya maegesho. Sasa alikuwa mhujumu, na alijawa hofu na kitu kingine alichokiona aibu kukiita raha. Mtambo haukutoa sauti. Haukutoa moshi. Kwa mara ya kwanza aliona kasoro iliyomsumbua Bwana Mlekwa ni neema ya Mungu. Kila saa alipita na ndoo yake, akachungulia mshale: nyuzi mia, mia na arobaini, mia mbili. Alikuwa amekwisha kuvuta waya mpaka wodini. Ukifika mia nane atauunganisha, uzinduzi au hakuna uzinduzi, na kama ni kufungwa atafungwa mjukuu akiwa anapumua.

Alimwambia Hidaya siri hiyo. Hidaya alimshika mkono akamwambia, "Mama, usije ukaniacha peke yangu na mtoto huyu." Zamda akasema hatamwacha. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na mshale ulikuwa mia nne na ishirini.

Alfajiri ya siku ya sherehe jenereta lilikohoa likazima. Zamda alikuwa ameweka debe moja la mwisho pembeni. Akalimimina, likaguguma tena. Lile lingetosha saa mbili na ushee. Mshale ulikuwa mia saba na hamsini. Hesabu ilikuwa inakubali kwa unyoya, na Zamda alianza kuamini kwamba Mungu pia ni fundi.

Aliyeharibu alikuwa paka. Tena hakuwa mmoja. Paka wa jikoni, wanaoishi kwa makombo ya wagonjwa, waliamka na baridi ya Julai, na wao hawajasoma kifungu cha nne. Walitafuta penye joto wakapapata. Bwana Mlekwa alipokuja saa moja kukagua utepe, aliwakuta paka kumi na watatu wamelala juu ya nembo ya taifa, matumbo juu.

Aliwasogeza wawili pembeni. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kitambaa, akakiondoa haraka.

Zamda alikuja mbio. Hakujaribu kukana. Alipiga magoti kwenye kokoto mbele ya mtu anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. "Zimebaki nyuzi kumi, Bwana. Kumi tu. Nipe nusu saa, kisha nifunge pingu. Ndani kuna mjukuu wangu."

"Mama, inuka, usinifanyie hivi," alisema Bwana Mlekwa, na kwa kweli macho yake yalikuwa yamelowa. Alimwinua kwa heshima zote. Kisha akapiga simu wizarani, kwa sababu mtu wa Sifuni akihuzunika hupiga simu wizarani.

Wizara ilishtuka. Mheshimiwa atazinduaje kitu kilichokwisha kuwaka? Si itakuwa anawadanganya wananchi? Na akiugusa akaungua, nani atajibu? Uzimwe upesi, upozwe kabisa, urudi kuwa mpya. Gari la zimamoto lilikuwa pale tayari kwa ajili ya matairi. Vijana wakakata gesi, wakafungua milango ya mtambo, wakafungulia mpira wa maji.

Zamda aliwaomba wapoze kwa upepo. Aliwaomba wasubiri. Aliwaambia kauri haistahimili maji, akawaambia kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, mpaka sauti ikamkauka. Mvuke mweupe ukapanda mkubwa kupita paa la hospitali, na wananchi waliokwisha kukusanyika uwanjani wakashangilia, wakijua sasa mtambo unafanya kazi. Ndani ya ule mvuke Zamda alisikia vigae vya kauri vikipasuka kimoja baada ya kingine. Aliketi chini kwenye matope. Hakulia. Alihesabu milio ile kama mtu anayehesabu vyombo vyake vikianguka kutoka kabatini, na alipofika arobaini akaacha.

*

Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Sherehe alifika saa nne kamili, yaani saa tano na nusu. Dizeli ilikuwa imekwisha tangu saa mbili na nusu. Wauguzi walikuwa wakiwasukumia hewa watoto wale watatu kwa vifuko vya mpira, vile vinavyobanwa kwa mkono, ukibana kifua kinapanda, ukiachia kinashuka.

Bwana Mlekwa hakuwa na wasiwasi kuhusu sherehe. Idara yake husafiri na lori, na juu ya lori kuna jenereta zuri la kijani, jipya, lenye nguvu, ambalo hufichwa nyuma ya hema na waya wake kupitishwa chini ya zulia jekundu. Jenereta hilo moja ndilo lililozindua mitambo yote ya Sifuni. Ndiyo maana mitambo yote nchini, siku ya uzinduzi, hutoa sauti moja, jambo ambalo wataalamu wamelieleza kuwa ni dalili ya umoja wa kitaifa.

Zamda alilisikia likinguruma akaelewa mara moja. Hakuuliza mtu. Aliingia chini ya zulia kwa magoti, wakati wa wimbo wa taifa ambapo hakuna anayeruhusiwa kugeuka, akaunga waya wake wa wodi na waya wao. Taa za wodini zikawaka. Mashine zikaamka. Alisikia kupitia dirisha muuguzi akisema Alhamdulillahi, naye akabaki amelala pale chini ya zulia, shavu kwenye majani, akiomba hotuba iwe ndefu.

Katika historia ya Sifuni huyo ndiye mwananchi wa kwanza kuomba hivyo.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "leo giza tumelipiga pingu. Wenzetu wa nchi tajiri wanajivunia seli za nyuzi themanini. Themanini ni uji wa mgonjwa. Sisi tumeleta mia nane, na mama yetu mpendwa, ambaye hospitali hii imebeba jina lake, sasa ana joto kuliko mwanamke yeyote barani." Makofi. Akaeleza elektroni, jinsi zinavyonyimwa mlango na kuzungushwa, akawataka vijana waige uzalendo wa elektroni hizo. Kisha akaletewa bilauri ya maji safi yaliyotoka mtamboni, ambayo yalikuwa yakitiririka bado chini ya milango yake, akayanywa yote, akalamba midomo. Maji ya zimamoto hayajawahi kupata heshima kama ile.

"Na kwa kuwa hospitali hii sasa inajitegemea," alimalizia, "kuanzia leo haitapewa hata tone la dizeli. Aliyekwisha kuvaa viatu hagaiwi ndara. Mgao wake tutautazama upya Julai ya mwaka ujao."

Akakata utepe. Akabonyeza. Taa zikawaka kwa mara ya pili, maana zilikuwa zimewaka tayari, na hakuna aliyelisema. Dakika arobaini na mbili tangu wimbo wa taifa, mtu wa lori akazima jenereta la kijani akaanza kukunja waya.

*

Zamda alikuwa amefika wodini kabla mashine hazijanyamaza. Alichukua kifuko cha mjukuu wake kutoka kwa muuguzi, ambaye alihitajika kwa mtoto wa pili. Wa tatu alikuwa akisukumiwa hewa na mama yake. Hidaya alilala kitanda cha jirani, uzazi haujapoa, akitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka. Bana, hesabu moja, mbili. Bana, moja, mbili.

Bwana Mlekwa akaingia na mkoba wake. Alihitaji sahihi ya fundi kwenye hati, kwamba mtambo umewaka na unafanya kazi kwa kuridhisha. Msafara ulikuwa unaondoka, uzinduzi mwingine ulikuwa saa tisa wilaya ya jirani. Akamnyooshea kalamu.

"Mikono yangu haina nafasi," alisema Zamda.

"Ni sahihi tu, Mama. Haichukui dakika."

"Basi nishikie. Bana hivi, hesabu mbili, bana tena. Usiangalie pembeni."

Sijui kwa nini alikipokea. Labda kwa sababu alizoea kupokea anachopewa. Aliweka mkoba chini, akabana, akaona kifua cha ukubwa wa kiganja chake kikiinuka kwa kazi ya vidole vyake, na alipoinua macho Zamda alikuwa amekwisha kutoka.

Alikimbia mpaka kwenye lori. Alimwambia dereva awaachie jenereta usiku mmoja tu. Dereva, mtu mzee mwenye adabu, alimpa pole na kusema amri si yake. Zamda akalala chini mbele ya gurudumu. Watu wakageuza nyuso, maana aibu ya mtu mzima haitazamwi. Askari wawili wakaja wakamwinua kama mkeka uliokunjwa, wakamweka kando kwenye nyasi, mmoja akampangusa vumbi begani. Lori likapita. Alilitazama jenereta likiyumba juu yake mpaka kona ya soko, na alitamani afe, tena alitamani hivyo kwa sauti, kila mtu akasikia.

Kisha akakumbuka amemwachia nani mtoto.

Alirudi akiwa ameshika kichwa. Nje king'ora cha msafara kilikuwa kimelia mara tatu kumwita Bwana Mlekwa, na mjumbe alikuwa amekuja mara mbili, mara ya pili akiwa na ujumbe kwamba asipotoka sasa asihangaike kutoka tena. Sasa hakukuwa na king'ora wala msafara.

Bwana Mlekwa alikuwa palepale, amepiga magoti kando ya mashine ya joto iliyopoa, tai imelegea, jasho linamtiririka hadi kidevuni katika baridi ile. Midomo ilikuwa ikienda. Hakuthubutu kujifuta. Mtoto alikuwa hai, na rangi ya waridi.

Zamda alinyoosha mikono kumpokea. Muuguzi akamwambia akae kwanza. Mama wa mtoto wa tatu alikuwa anabadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, na tayari alikuwa analia kwa kuchoka.

Hidaya aliinuka kwa kiwiko. Alikuwa hajaisikia hotuba. Dirisha la upande wake halifunguki. Alimtazama yule mgeni aliyevaa suti, anayemtunzia mwanawe pumzi, akamuuliza kwa heshima anayopewa mtu wa serikali.

"Baba, umeme unarudi lini?"

Bwana Mlekwa alifungua mdomo. Tarehe aliijua, aliiandika mwenyewe, na wakati ule aliona ile methali ya ndara inapendeza. Alimtazama Hidaya, akamtazama Zamda aliyekaa sakafuni, akainamia tena kile kifuko.

"Moja, mbili," akasema, akabana.